Matundu Manne Tumboni

Jumanne, 8 Aprili

Nimefua vitambaa mapema, kabla mama mkwe hajatoka na birika lake la udhu. Nimevianika chini ya shuka la kijani, kama kawaida. Shuka juu, aibu chini. Jua lilikuwa kali, vimekauka upesi.

Sokoni hadi saa sita. Halafu kwenye mashine ya kukamulia chikichi. Halafu bidoni, madumu ya mawese ya yule mteja wa Nyanza-Lac, nimezibeba mwenyewe hadi barabarani. Kwenye ya tatu, kikatoka. Nimejibanza nyuma ya mapipa, nimekirudisha kwa mkono, nimenawa, nimerudi kwa mteja natabasamu. Ameniambia nina afya njema. Afya njema! Wakimwona mwanamke mnene wa Rumonge na mzigo kichwani, basi huyo ni mzima.

Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo nitakitaja kwa jina. Kizazi. Kizazi changu kinashuka na kutoka nje tangu nilipomzaa Issa, na Issa sasa ana ndevu. Ndiyo sababu ya vitambaa. Ndiyo sababu mkojo unanitoka nikicheka, na mimi zamani nilipenda sana kucheka. Tarawehe za Ramadhani yote nimeswali chumbani peke yangu, maana udhu haukai. Majirani wanasema Mwajuma anajidai.

Jioni nimeanua. Kitambaa kimoja kimezidi, sikumbuki kukifua. Na akili nayo inaanza kunitoka. Nimekikunja pamoja na vyangu.

Jumatano, 9 Aprili

Mama mkwe ana hasira tangu asubuhi. Kuna kitu anatafuta. Ameinua magodoro, amekung'uta neti, amefukuza kuku. Nimemuuliza anatafuta nini. Amejibu anatafuta adabu, haioni humu ndani. Haya.

Mama Fikiri leo amenitia aibu sokoni, au amenisaidia, sijajua bado. Ni jirani yangu, Mkongomani wa Fizi, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na meza yangu. Sauti aliyonayo ni ya kuhubiria. "Iko kwa redio!" alipiga kelele. "Baganga banakuja Buja! Bamama benye kizazi kinashuka baende, banapasua bila kupasua!" Watu wote wakageuka. Mimi nikajifanya napanga chupa.

Kupasua bila kupasua ndiyo nini? Baadaye nimemfuata nyuma ya vibanda nikamuuliza kwa sauti ya chini. Amenitazama. Hakuuliza ni kwa nani. Amenitajia siku na hospitali, huko Bujumbura, na kwamba ni bure kwa watakaowahi. Halafu akanibana mkono akaenda zake. Nimelia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia mume wangu, Baba Zubeda. Amerudi kutoka Magara amechoka, nimempikia samaki wa mukeke na ugali wa muhogo, nimemwacha amalize nusu. Nimesema nataka kwenda Buja kupasuliwa kizazi. Ameangalia sahani. Amesema, nenda. Basi. Hakuuliza kina nini. Miaka yote hii analala chumba cha mbele, eti taa za lamparo, mitumbwi ya kuvulia ndagala usiku, zimemharibu macho, anataka giza. Macho! Nasikia huko Magara kuna mtu anamfulia nguo. Sijauliza. Nikiuliza atajibu.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza, amekaa mlangoni juu ya kata yake, ile ya kitambaa cha kuzungusha ya kubebea mzigo kichwani. Hakai mahali bila kuweka kata chini, kama mke wa mutware, chifu wa zamani. Anasema ni mifupa, hata harusini haendi. Akadakia, "Hayo si mambo ya kupeleka mbele ya wanaume wa Buja. Yanavumiliwa. Sisi tulivumilia."

Ninyi mlivumilia nini? Nilipojifungua Issa, kitovu cha mtoto hakijadondoka, ni yeye Bi Tausi aliyesimama mlangoni akasema chikichi zinaoza. Mtoto akachukuliwa, mimi nikaenda kusukuma mashine, nazunguka nayo kama ng'ombe. Damu ilinifika kisiginoni. Usiku ule ndipo nilipokishika kwa mara ya kwanza kwa mkono wangu, nikadhani nimeota uvimbe. Na nakumbuka alikuwa amevaa kitenge cha njano, kizuri, kipya.

Nitaenda. Nitaenda hata kwa miguu.

Jumapili, 13 Aprili

Esansi, yaani petroli, hakuna. Magari ya abiria yamelala kwenye foleni. Nimepata nafasi kwenye lori la samaki, mbele, Mungu ambariki dereva, nimekaa juu ya kata maana barabara ni mashimo matupu. Njia nzima naogopa watafunga mlango kabla sijafika. Mtu akiugua kitu miaka kumi na minane halafu akapewa siku moja tu ya kuponea, kila lori linaenda polepole.

Nimefika. Nanuka ndagala. Zubeda binti yangu amenipokea kwake mtaa wa Buyenzi, amenichemshia maji ya kuoga. Hajui kitu. Nimemwambia ni tumbo.

Jumatatu, 14 Aprili

Benchi limejaa. Wanawake wa kila namna: wa milimani waliotembea, wa Buja wenye mikoba, bibi mmoja wa Kigwena niliyekuwa namuuzia mawese! Tumeonana, tukageuza shingo wote wawili kama tumepishana na deni. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nilikuwa najua niko peke yangu Burundi nzima. Kumbe tunajaza benchi na bado wengine wamekaa chini. Hilo halikunifariji. Limenitia uchungu.

Zubeda ilibidi aambiwe, mgonjwa lazima awe na mtu wa kumlinda kitandani. Amefunika uso kwa mikono. Kisha akasema, "Mama, na ulikuwa unabeba?" Ndiyo, nilikuwa nabeba. Nani alikulipia shule, malaika?

Daktari ni mwanamke, Mrundi, mdogo kuliko nilivyotaka. Pamoja naye kuna wageni wawili kutoka nje. Amahoro, mama, lala hapa. Kohoa. Nimekohoa, kikatoka chote, na hawakushtuka. Amesema kimefika hatua ya mwisho. Amesema kitu kingine: "Mulichelewa sana, mama." Nimetaka kumpiga kofi. Nilichelewa wapi? Mlikuwa wapi?

Ametuonyesha video kwenye simu, tukiwa kikundi, ili tusiogope. Huko kwa wenzetu kuna roboti. Ina mikono minne ya chuma, inaingia tumboni kwa vitundu, na daktari amekaa pembeni, anaiendesha kwa vidole huku anatazama kioo. Nimeangalia ile mikono. Myembamba, misafi. Hakuna hata mmoja uliowahi kubeba bidoni. Mwanamke wa huko anapata roboti kwa kizazi alichokichosha kwa nini, kwa kupanda ngazi? Astaghfirullah. Lakini ndivyo nilivyowaza na ndivyo ninavyoandika.

Sisi hatuna roboti. Sisi, amesema, ni mikono yake na vijiti virefu na kamera, kupitia matundu manne. Kizazi hawakitoi. Watakishikiza kwa wavu, kipande kidogo, upande mmoja kwenye kizazi, upande mwingine kwenye mfupa wa mgongo. Nimeuliza wavu wa ndagala au wa mukeke? Benchi zima limecheka, na yule bibi wa Kigwena alicheka kuliko wote. Mimi nilicheka nikajikojolea. Ikiwa nitapona, jambo la kwanza nitacheka.

Jumatano, 16 Aprili

Siku yangu ilikuwa leo. Sikula, sikunywa, nimevalishwa kanzu ya kufunga mgongoni, nimesukumwa hadi mlangoni. Umeme ukakatika. Jenereta ipo, mazutu ya kuiwasha hakuna. Nimelala kwenye kile kitanda cha magurudumu saa nzima naangalia dari. Halafu wamenirudisha.

Muuguzi amesema tuombe Mungu. Nimemwambia Mungu hana mazutu. Zubeda amenifunika mdomo. Wageni wanaondoka Jumamosi. Mbele yangu wako wanawake sita. Nimefanya hesabu hiyo kila ninapogeuka.

Alhamisi, 17 Aprili

Wamenipasua. Niko hai. Bega la kulia linaniuma vibaya, si tumbo, bega! Wanasema ni hewa waliyonijaza tumboni ili waone, imepanda. Kwa hiyo nimepasuliwa chini naugua juu. Mwandiko mbaya. Nalala.

Ijumaa, 18 Aprili

Wametoa mpira wa mkojo. Wamenisimamisha. Nimesimama nikangoja kile kitu, nimebana miguu kwa mazoea, nimeweka mkono. Hakuna. Nimetembea hadi dirishani. Hakuna. Muuguzi alidhani naumwa kwa jinsi nilivyolia. Nimemshika nikamshukuru, murakoze, murakoze, hadi akacheka.

Halafu nimefunua tumbo. Plasta nne. Moja kwenye kitovu, tatu ndogo pembeni, kila moja ina ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ni hayo tu? Nimezigusa moja moja. Nimefurahi. Halafu nikamkumbuka mama mkwe, na furaha ikapungua.

Jumatatu, 21 Aprili

Kwa Zubeda, Buyenzi. Daktari aliniambia mbele yake, na Zubeda amelishika kama aya: miezi mitatu sibebi kitu kizito kuliko birika la chai. Si bidoni, si ndoo, si mtoto. Sisukumi mashine. Sikai msalani najikamua, nile mboga na papai. Chumba cha mume, baada ya wiki sita. Hilo la mwisho halina shida kabisa.

Wavu bado haujashika, alisema. Nyama inauzunguka polepole. Mukibeba sasa, mama, inachanika, na kurudia ni vigumu kuliko mwanzo, na sisi tunarudi baada ya kiangazi tu. Alinishika bega lile lile linaloniuma. Nilimwambia nimesikia. Nilitaka anipe karatasi kubwa yenye muhuri nikaibandike mlangoni kwangu. Sikuomba.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi Rumonge. Wanawake wa mtaa wamekuja na uji na ndizi, wamejaa mkekani, wanasubiri. Najua wanasubiri nini. Mwaka jana jirani yetu mmoja alipasuliwa uzazi, alikuwa na mshono kutoka hapa hadi hapa, walipiga yowe wote, na kwa miezi hakugusa hata ufagio. Watu walimbebea maji hadi mlangoni. Nilimbebea na mimi.

"Tuone basi," wakasema. Nimefunua. Wameinama. Mmoja akauliza, "Kwingine ni wapi?"

Hakuna kwingine, nimewaambia. Ni hapo.

Mama mkwe hakuinuka kwenye kata yake, alinyoosha shingo tu. "Hayo ndiyo yaliyokulaza Buja wiki mbili? Mbu wa ziwani wananitoboa zaidi ya hapo." Wamecheka. Uji wao wameuacha lakini wameondoka mapema. Hapa kwetu ugonjwa unapimwa kwa urefu wa kovu, na mimi sina kovu la kupima. Laiti daktari angenichana kisu kirefu kwa juu juu, bure tu, cha kuonyesha watu. Naandika upumbavu, najua. Ila ningelikubali.

Jumatano, 30 Aprili

Mama Fikiri anabeba. Hakuambiwa, amekuja tu na mwanawe mkubwa wa kike, wanachukua bidoni zangu asubuhi na kuzirudisha jioni. Nimempa mawese, amekataa, nimempa tena, amechukua. Yeye peke yake hakuomba kuona tumbo.

Wengine wanasema nilikwenda Buja kula samaki kwa binti yangu. Nimesikia kwa masikio yangu, mezani kwa muuza chumvi. "Kupasuliwa gani mutu anatembea hivi?" Natembea hivi kwa sababu wamenitengeneza, wajinga ninyi! Sikusema. Nimeuza chupa nikarudi.

Baba Zubeda ameuliza nitarudi lini kwenye mashine. Amemlipa kijana wa kusukuma, anavunja vunja kila kitu. Nimesema mwezi wa saba. Akasema, "Wa saba?" Akacheka kwa pua. Mama mkwe akaweka lake: ndoo ya maji leo imeachwa kisimani, yeye mzee ndiye ametuma mtoto wa watu aichukue, aibu gani. Kila asubuhi ni wimbo huo. Natamani aondoke. Nimeandika. Natamani aondoke nyumba hii hata kwa wiki moja nipumue.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Ziwa limepanda, limekula bustani ya jirani wa chini. Nimekohoa leo, kikohozi cha kweli, mafua. Nimejishika kwa hofu. Hakuna kilichotoka. Nimekohoa tena makusudi, mara hii bila kujishika. Hakuna. Nimecheka peke yangu jikoni, na hapo pia, pakavu.

Jumanne, 6 Mei

Siku mbaya. Niandike yote kabla sijalala.

Maji yameingia uani mchana, mvua juu, ziwa chini. Bidoni zote za mawese ziko banda la nyuma, chini, na maji yanapanda. Mama Fikiri yuko kwake anaokoa vyake. Baba Zubeda Magara. Tuko wawili tu, mimi na mama mkwe, tumesimama barazani tunaangalia bidoni zinaanza kuelea na kugongana.

"Beba," amesema.

Nimesema siwezi.

"Beba, Mwajuma, ni mali ya mwanangu!"

Ni mali yangu pia. Ni kazi yangu ya msimu mzima ile. Nimeangalia ya kwanza inaanguka, kifuniko kimefunguka, mawese yanatoka mekundu juu ya maji. Mikono yangu yenyewe ilitaka kwenda. Nimeifunga kifuani. Nimekunja vidole mpaka vikauma. Mwili wangu huu umezoea kubeba, haujui kusimama. Lakini nilimwona yule daktari amenishika bega, nikasimama. Hakuna aliyewahi kunifundisha kazi ngumu kama hiyo.

Basi yeye akateremka. Mzee wa miaka sabini na ushei. Amepandisha kitenge, ameingia majini, ameshika bidoni iliyojaa, ameinua, huku ananiangalia usoni ili nione. "Mimi sina matundu," amesema. "Mimi ni mwanamke." Ameipandisha barazani. Ameenda ya pili, ameinua. Hapo amesimama ghafla. Amekuwa mweupe midomoni. Ameiachia. Amebana mapaja, ameshika ukuta, ameenda chumbani kwake kwa hatua fupi fupi, akafunga mlango.

Maonyesho, nimesema moyoni. Anataka aje aseme nimemuua. Nimemwita, akajibu nimwache.

Jumatano, 7 Mei

Maji yameshuka. Ua mzima umepakaa mawese na matope. Bidoni mbili tu zimebaki, moja ni ile aliyopandisha yeye. Baba Zubeda amekuja, ameangalia, amenusa. Jioni amepanda gari kurudi Magara, akaulizie nguo zake safi huko.

Mama mkwe hatoki. Anasema homa. Chakula nakiweka mlangoni.

Ijumaa, 9 Mei

Bado hatoki. Hata kwa udhu, birika nampelekea. Nimeamini ananiadhibu, na leo nimepasuka. Nimesimama mlangoni kwake kama yeye alivyosimama kwangu siku ile, nimesema yote. Issa. Kitovu. Chikichi zinaoza. Damu. Kitenge cha njano. Nimesema miaka kumi na minane nimevaa vitambaa kama mtoto kwa ajili yake, na sasa nimetengenezwa anataka kunivunja tena kwa sababu kovu langu halimtoshi. Nimesema nikifa nisioshwe na mkono wake.

Amenisikiliza amelala, uso ukutani. Hakujibu. Bi Tausi, ambaye hata muadhini anamjibu! Nimeondoka. Sijisikii vizuri hata kidogo. Nilidhani nitajisikia vizuri.

Jumatatu, 12 Mei

Jua. Nimefua mashuka yaliyolowa, Mama Fikiri amenikamulia na kuanika. Jioni nimeanua mwenyewe, nguo si nzito zikikauka.

Chini ya shuka la kijani kuna vitambaa.

Nimesimama pale na kibanio cha nguo mdomoni. Mimi sifui vitambaa tena. Vyangu niliviteketeza jikoni siku niliyorudi kutoka Buja, vyote, pamoja na kile kilichozidi. Hivi ni vya kanga kuukuu ya zambarau, imechanwa vipande virefu, imepindwa kwa uzi mweusi. Mkono wa mshono naujua. Ndio ulioshona mapazia yote ya nyumba hii. Katikati vina doa la maji ya damu ambalo halitoki ukifua, na doa lile nalijua pia. Amejiiba chumbani kuvianika nilipokuwa sokoni.

Nimevirudisha kwenye kamba kama vilivyokuwa. Shuka juu. Nimeingia ndani nimekaa kitandani.

Kata. Mifupa, mifupa. Harusi asizokwenda. Sisi tulivumilia.

Jumanne, 13 Mei

Alijua. Ndicho ninachoshindwa kumeza. Angekuwa hajui ningesema ni ujinga, mzee, zamani. Lakini alikuwa nacho yeye mwenyewe, na alijua kinavyotoka, na kinatoka kwa nini, halafu akaja mlangoni kwangu akasema chikichi zinaoza. Na vitambaa vyangu alikuwa anaviona, kamba moja, shuka moja! Wanawake wawili nyumba moja tunafichana doa lile lile chini ya shuka moja. Hakuwahi kusema, mwanangu, kaa chini.

Labda na yeye kuna mtu alisimama mlangoni kwake. Labda. Hainihusu. Mimi nina watoto wa kike na sijasimama mlangoni kwa mtu.

Nimevunja sahani leo, kwa makusudi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempelekea maji ya moto na chumvi ya kukalia, kwenye beseni, Mama Fikiri amelibeba hadi mlangoni. Sikusema ni ya nini. Nimeweka na kitambaa kile nilichokuwa na deni lake, kipya, nimekata kanga yangu. Nimeweka na kata yake, ilikuwa imebaki barazani tangu siku ya maji, nimeifua na kuikausha.

Nimetoka bila kumwangalia. Bado nina hasira. Nilisikia beseni likisogezwa.

Jumapili, 18 Mei

Shwari leo. Ziwa limerudi mahali pake, limetuachia harufu tu. Nimeswali Adhuhuri barazani, mbele ya watu, udhu umekaa.

Mama mkwe ametoka. Amekonda. Ameweka kata yake karibu na mkeka wangu, amekaa, amechambua mchele pamoja nami. Mama Fikiri amepita na ndoo zetu za maji, ametusalimu, ameenda. Nikasema, kama naongea na mchele, kwamba wale madaktari wanarudi Buja baada ya kiangazi. Kwamba daktari mwenyewe ni mwanamke.

Ametoa mawe mawili matatu, akayatupa uani. Kuku wamekimbilia.

"Nionyeshe tena hayo matundu," amesema.

Nimefunua tumbo. Amevuta uso karibu, macho yake hayaoni vizuri. Ameweka kidole kwenye la kwanza, kisha la pili, la tatu, la kitovuni, anabonyeza kidogo, kidole chake kina baridi. Ameuliza kama inauma. Nimesema bega ndilo liliniuma, tumbo kidogo tu.

"Kohoa," amesema.

Nimekohoa. Ameangalia miguu yangu, ameangalia mkeka chini yangu. Hakuna kitu.

Sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe.

"Kohoa tena, mwanangu," akasema, na nimekohoa tena.